Nani Kasema Hamira Haituhusu?

Wale mliokuwepo kwenye kikao chetu cha Novemba mtakumbuka nilivyosimama kueleza ninachosomea, na mtakumbuka pia kicheko kilichofuata. Nilisema kwamba napima uzito wa molekuli ya kimeng'enya kimoja cha hamira, na kwamba naangalia jinsi kimeng'enya hicho kinavyoshikana chenyewe kwa chenyewe. Ndugu mmoja kutoka viti vya nyuma akauliza, tena kwa nia njema kabisa: "Sasa bwana, hiyo hamira itamsaidia nani kule nyumbani? Watu wanakufa na malaria, wewe unapima maandazi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nikajibu kitu cha ovyo ovyo kuhusu umuhimu wa sayansi ya msingi, nikakaa chini.

Lakini ndani ya basi namba 11, narudi zangu Winson Green, swali lile likawa linanichoma. Si kwa sababu lilikuwa baya. Lilikuwa zuri, na jibu nilikuwa nalo, ila jibu lenyewe linapitia nyumbani kwetu, kwa dada yangu, na sikuwa tayari kumleta dada yangu ukumbini mbele ya sahani za pilau. Sasa nimezungumza naye, ameniruhusu. Basi naomba kujibu kwa maandishi, maana siku ile mdomo ulinishinda.

Nianze na hicho kimeng'enya. Kwa kifupi kinaitwa G6PD. Jina lake refu ni glukosi-6-fosfeti dihaidrojenesi, na ninaahidi sitalirudia. Wajerumani wawili, Otto Warburg na Walter Christian, walikieleza mwaka 1931 wakakiita Zwischenferment, yaani kimeng'enya cha kati, na mpaka leo jeni yake katika hamira inaitwa ZWF1 kwa heshima ya jina hilo la zamani. Kazi yake ni kunyofoa haidrojeni kutoka kwenye sukari iliyokwisha kubebeshwa fosfeti na kuikabidhi kwa molekuli nyingine iitwayo NADP, nayo ikageuka kuwa NADPH. Hiyo NADPH ndiyo inayoizuia seli isishike kutu, kama naweza kusema hivyo. Seli nyingi zina njia zaidi ya moja ya kuipata. Chembe nyekundu ya damu haina. Inategemea G6PD tu, basi.

Na sasa ndugu yangu wa viti vya nyuma naomba usikie vizuri. Kimeng'enya hiki cha hamira na kile kilicho ndani ya damu yako ni ndugu wa ukoo mmoja. Cha hamira ni mnyororo wa asidi za amino 505, cha binadamu 515. Na pwani yetu ya Afrika Mashariki, Kenya na Tanzania, sehemu nyingi karibu mwanaume mmoja kati ya watano au sita ana upungufu wake. Ndugu zetu wa Oman nao wanao mwingi. Upungufu huo umebaki kwetu kwa sababu unasaidia kumkinga mtu na malaria kali, na si habari mpya: Anthony Allison, yule daktari aliyekulia Kenya na kuthibitisha uhusiano wa selimundu na malaria mwaka 1954, aliandika mwaka 1960 katika jarida la Nature kuhusu upungufu wa G6PD katika damu ya watu wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo ukisema "malaria" na mimi nikasema "G6PD", tumeongelea jambo moja. Tofauti ni kwamba mimi natumia hamira, kwa sababu hamira inapatikana kwa kilo, haihitaji kibali cha maadili, na haina dada anayekusubiri matokeo.

Sasa kuhusu kupima. Mimi nakaa Winson Green, chumba cha juu, nyumba tunayopanga watu wanne. Mwenzangu wa chumba cha pili ni Mkongo wa Bukavu anayefanya kazi za usiku. Asubuhi moja yeye anarudi mimi natoka, akaniuliza kwa Kiswahili chao kile kitamu: "Ndugu, weye unapimaka nini kule siku zote?" Nikamwambia uzito wa kitu kilicho ndani ya hamira. Akanitazama kwa huruma. "Lakini kwa pakiti si banaandikaka gramu?"

Jamani! Nilicheka mpaka tramu ikanipita. Lakini ukifikiri, mtaa wenyewe huu ungemuunga mkono. Mpakani mwa Winson Green na Smethwick kuna Soho Foundry, karakana ya chuma iliyofunguliwa na Boulton na Watt mwaka 1796, ambayo kampuni ya Avery iliichukua mwaka 1895 kutengenezea mizani. Mizani nyingi za maduka ya dola hii ya zamani zilitoka hapo. Na upande wa pili, Cape Hill, kilikuwepo kiwanda kikubwa cha bia kilichofungwa mwaka 2002. Sasa pale ni nyumba za watu. Hamira upande mmoja, mizani upande mwingine. Hata Chuo Kikuu cha Birmingham tangu mwanzo wake kilikuwa na profesa wa utengenezaji wa bia, Adrian Brown, ambaye mwaka 1902 alitumia kimeng'enya cha hamira kuonyesha kwamba kimeng'enya na sukari hushikana kwanza kabla kazi haijafanyika. Wabaokemia wote duniani wanasoma hesabu iliyotokana na wazo hilo, na wachache wanajua kwamba ilianzia kwa wapika pombe. (Wazee wangu wa msikitini mnisamehe.)

Tatizo ni kwamba molekuli huwezi kuiweka kwenye mizani ya Avery. Kuna njia kadhaa za kuzunguka tatizo hilo, na mimi nilitumia tatu.

Ya kwanza ni jeli. Unachemsha protini pamoja na sabuni kali, inafumuka ikawa kamba, unaivuta kwa umeme ipite kwenye jeli, nyepesi inakwenda mbali, nzito inabaki nyuma. Kimeng'enya changu kilisimama penye 57,000 hivi. Vizuri, maana ukijumlisha asidi za amino zake 505 unapata karibu dalton 57,500. (Waliopima miaka ya 1960 bila kujua mfuatano wa jeni walipata karibu 51,000 kwa kipande. Hawakukosea kwa uzembe, walikosea kwa sababu kila njia ya kupima ina imani zake za siri ndani yake.) Lakini sabuni inavunja urafiki. Inakuambia uzito wa kipande kimoja tu, haikuambii vipande vinaishi vipi vikiwa huru.

Njia ya pili ni bomba lililojazwa punje laini zenye vitundu. Huko kimeng'enya kilipita kama kitu cha 120,000 hivi. Yaani vipande viwili vimeshikana: pacha. Nikafurahi.

Njia ya tatu ndiyo yenyewe, sentrifuji ya kasi kubwa. Msweden Theodor Svedberg ndiye aliyeijenga kule Uppsala miaka ya 1920, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1926. Fikiria kikombe cha chai yenye majani. Ukikiacha, majani yanatulia chini. Protini ni ndogo mno kutulia yenyewe, joto linaitikisa isitulie, hivyo inabidi uizungushe ili iwe na "uzito" wa kutosha kusukumwa pembeni. Ukichagua kasi ya wastani, mimi nilitumia mizunguko 12,000 kwa dakika, inafika mahali msukumo wa kwenda nje na msambao wa kurudi ndani vinalingana. Hapo hakuna kinachosogea tena. Protini imejipanga, chache ndani, nyingi nje, na mkunjo wa mpangilio huo unakupa uzito bila kuhitaji kujua umbo lake. Inachukua siku nzima na zaidi. Unakaa unasubiri, unakula biskuti.

Jaribio la kwanza niliharibu. Nilitaka kuona kimeng'enya kikiwa na NADP yake, na nikasahau kwamba NADP nayo inameza mwanga uleule niliokuwa naangalizia protini. Wiki ikapotea. Nikabadili, nikatumia njia ya kuona inayofuata jinsi mwanga unavyopinda, nikaweka NADP kiasi kilekile pande zote mbili. Namba ikaja safi kabisa: 172,000.

Hebu pigeni hesabu wenyewe. 57,500 mara tatu ni 172,500.

Tatu! Utatu! Hakuna mtu aliyewahi kusema kimeng'enya hiki kinaishi watatu watatu. Waliotangulia wote waliona wawili, na wakiongeza NADP, wanne. Nilitoka maabara saa nne usiku nikiwa natembea juu ya mawingu. Ufadhili wangu unaisha Septemba, na nilikuwa sijapata kitu cha kuandika chenye uzito, samahani kwa neno. Nikampigia mama. Nikamwambia mwanao amegundua kitu. Mama akauliza, "Kitu gani?" Nikasema, "Wako watatu." Akasema, "Alhamdulillahi," bila shaka akidhani nimeoa na nimepata watoto bila kumwarifu.

Msimamizi wangu alipoiona ile namba hakusema neno. Aliandika kwenye karatasi: ipunguze mkolezo, rudia. Nikakasirika kidogo moyoni. Karatasi ile ingetoka kabla ya Septemba. Sampuli ilikuwa inakaribia kwisha. Na namba ilikuwa imekaa sawasawa, sasa nirudie ya nini? Nakiri kwamba siku mbili nzima nilifikiria kuiandika kama ilivyo. Nani angejua?

Nikarudia. Nikapunguza mkolezo mara tano, uzito ukashuka ukawa 140,000 na kitu. Nikapunguza tena mara tano, ukakaribia 120,000. Nikakoleza sana, ukapanda kupita 190,000.

Utatu halisi hauwezi kufanya hivyo. Kama vipande vitatu vimefungwa pamoja, viongezee maji upendavyo, mpaka ufikie mahali vinaachana vitabaki vitatu. Kilichokuwemo kwenye chombo changu ni pacha wenye uzito wa 115,000 na makundi ya wanne yenye 230,000, wakishikana na kuachana muda wote. Ukikoleza wanakutana zaidi, wanne wanaongezeka. Ukiongeza maji wanapoteana, pacha wanaongezeka. Siku ile ya furaha yangu nusu ya protini ilikuwa kwenye pacha na nusu kwenye wanne, na mashine, ambayo haijui kitu ila wastani, ikanipa katikati yake. 172,500. Kumbe hapakuwa na molekuli hata moja yenye uzito huo. Namba ilikuwa ya kweli, ila kitu chenyewe hakipo.

Hapa ndipo anapoingia dada yangu.

Mwaka 2019 dada yangu mkubwa, yuko Tanga, aligundulika na ukoma. Ndiyo, ukoma, bado upo, unatibika, dawa ni bure, na yeye leo ni mzima. Ameniambia niandike neno lenyewe bila kulizungusha kwa sababu amechoka kuona watu wakilinong'ona. Matibabu ni ya dawa tatu: rifampisini, klofazimini na dapsoni. Wiki ya pili mkojo wake ukawa mwekundu. Akauliza kituoni, akajibiwa kwamba rifampisini hubadilisha rangi ya mkojo, asiwe na wasiwasi. Na ni kweli, hubadilisha. Aliyemjibu hakusema uongo. Ila rangi ya rifampisini inaelekea kwenye machungwa, na wa dada yangu ulikuwa umefika rangi ya koka. Alipokuja kuanguka jikoni, himoglobini yake ilikuwa imeshuka kutoka 11 hadi karibu 7. Dapsoni ilikuwa inazipasua chembe zake nyekundu, maana dapsoni ni moja ya dawa zinazoitaka sana ile kinga ya kutu.

Wakamwongezea damu, chupa mbili. Halafu, kwa bahati, daktari mmoja kijana akasema apimwe G6PD. Kikapimwa kwa njia ya doa linalong'aa. Jibu: kawaida. Wakaandika "kawaida" kwenye faili, na kidogo tu arudishiwe dapsoni.

Jibu lile lilikuwa na makosa matatu na hakuna hata moja la fundi wa maabara. La kwanza, nusu ya damu iliyopimwa pengine haikuwa yake, alikuwa ameongezewa. La pili, aina ya upungufu tulio nao zaidi Afrika, kimeng'enya kinachoka kadiri chembe inavyozeeka. Dawa inaua chembe kuukuu kwanza. Ukipima mara baada ya ajali unapima vijana waliobaki, na vijana wana nguvu. La tatu ndilo linalonihusu. Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X. Mwanaume ana X moja, kwa hiyo ama anayo nzima ama anayo mbovu. Mwanamke ana mbili, na katika kila seli yake moja imezimwa tangu akiwa tumboni, ipi izimwe ni bahati nasibu. Ernest Beutler alitumia kimeng'enya hikihiki, mwaka 1962, kuonyesha kwamba mwanamke mwenye jeni moja mbovu ana damu ya aina mbili zilizochanganyika: chembe nzima na chembe pungufu, bega kwa bega.

Dada yangu alipopimwa tena baada ya miezi mitano, Dar es Salaam, kwa kipimo kinachotoa namba, alipata asilimia 46.

Mkisikia asilimia 46 mnafikiria nini? Mimi zamani ningefikiria mtu ambaye kila chembe yake ina nguvu nusu. Nusu si mbaya, nusu inatosha kupigana. Lakini hakuna chembe ya asilimia 46 mwilini mwa dada yangu, kama vile hapakuwa na utatu kwenye chombo changu. Ana chembe nzima, na ana chembe ambazo dapsoni ikizikuta inazimaliza. Zile pungufu hazijui kwamba wastani ni mzuri. Na kipimo cha doa, ambacho ndicho kilichopo vituo vingi vinavyobahatika kuwa na kipimo chochote, hukamata watu walio chini ya asilimia 30 hivi. Wanawake kama dada yangu kinawapitisha kila siku, na kinawaandikia "kawaida".

Sikugundua mimi haya. Wataalamu wanayajua, ndiyo maana dawa ya tafenokwini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, haitakiwi kupewa mtu asiyezidi asilimia 70, wala haitoshi kupima kwa doa. Ninachosema ni kwamba mimi binafsi, mwenye faili la dada yangu nakala mkononi, sikulielewa mpaka hamira iliponidanganya. Nililisoma faili lile mara kumi. Asilimia 46 nilikuwa naiona kama namba ya kutuliza roho.

Kwa hiyo ndugu yangu, umeuliza hamira inamsaidia nani. Mmoja nimeshamtaja.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nimeshalisikia kwenye foleni ya chakula: kwamba ningeweza kusoma haya kwenye kitabu bila kutumia miaka mitatu na pesa za wafadhili. Inawezekana. Lakini tuwe wakweli jamani. Wengi wetu tumelelewa kwenye shule ambazo namba ilishuka kutoka ubaoni kama wahyi. Uzito wa molekuli ni huu, andika. Mwalimu hakuwa na kosa, alikuwa na chaki na wanafunzi themanini. Tukifika huku tunakutana na mashine, na namba sasa inatoka kwenye skrini badala ya ubao, na tunaipokea kwa adabu ileile. Sijui kitu kinachomvunja mtu adabu hiyo zaidi ya kupima mwenyewe, kupata kitu kizuri, na kukiona kikiyeyuka baada ya kuongeza maji mara tano.

Na tusidhani kwamba maswali haya ya nani apimwe na nani asaidike ni ya kinadharia. Kutoka dirishani kwangu, miti ikipukutika, naona ukuta wa gereza la Winson Green, lililopo tangu mwaka 1849. Huwa nautazama nikikumbuka jinsi upungufu huu ulivyojulikana. Ulijulikana gerezani. Stateville, jimbo la Illinois, wafungwa walipewa primakwini kwa majaribio ya malaria, na baadhi ya wafungwa weusi damu zao zikaanza kupasuka. Mwaka 1954 watafiti wakachukua chembe nyekundu za mfungwa wa namna hiyo, wakazitia alama ya mionzi, wakamtilia mwingine asiye na tatizo, wakampa dawa. Chembe zile zikafa ndani ya mwili wa mtu mzima. Basi wakajua kosa limo ndani ya chembe yenyewe. Mwaka 1956 wakataja kimeng'enya: G6PD. Ni jaribio zuri la kisayansi, silikatai, na ndilo lililotufundisha pia kwamba chembe kuukuu hufa kwanza. Lakini wale wafungwa walilipa bei, na idhini ya mtu aliye nyuma ya ukuta ule sijui tuiite idhini gani. Halafu baada ya bei hiyo kulipwa, mwaka 2003 ikaidhinishwa dawa ya malaria yenye dapsoni ndani yake, Lapdap, kwa ajili yetu sisi Waafrika, bara lenye upungufu huu kuliko karibu mahali pengine popote. Ikaondolewa sokoni mwaka 2008, baada ya majaribio ya mchanganyiko wake mpya, Kenya na Tanzania zikiwemo, kuonyesha jinsi damu za wenye upungufu zilivyokuwa zinashuka. Kati ya mwaka 1956 na 2003 ni miaka mingapi? Toa mwenyewe.

Sasa maoni yangu, na anayetaka kunipinga kurasa zipo wazi.

Kwanza sioni sababu ya mgonjwa wa kwetu kuanzishiwa dapsoni ya kila siku bila kuulizwa wala kupimwa, na pale ambapo kipimo hakuna, basi angalau aambiwe kwa Kiswahili kinachoeleweka tofauti ya mkojo wa machungwa na mkojo wa koka. Hilo halihitaji mashine. Linahitaji karatasi moja yenye picha mbili za rangi. Wanajumuiya wa udaktari na ufamasia mpo zaidi ya kumi na wawili, nawahesabu kila kikao mkiwa wa kwanza kwenye sambusa.

Pia jibu la mwanamke lisiandikwe "kawaida" kwa kutegemea doa. Liandikwe "si pungufu kabisa", ambalo ndilo doa linaloweza kusema. Na tarehe ya kuongezewa damu iandikwe pembeni yake. Nimemwandikia daktari mmoja kijana barua juu ya jambo hilo, yule yule, amenijibu kwamba fomu haina nafasi. Fomu haina nafasi!

Na sisi wenyewe hapa. Tuna utaratibu wa kila muhula mtu kusimama kueleza mafanikio yake, makofi, picha, tunakwenda kula. Napendekeza muhula ujao tufanye kimoja cha namba zilizotudanganya. Mhandisi alete daraja lake lililokataa, mchumi alete wastani wake wa mapato ya wilaya ambayo nusu ya watu ni matajiri wa mbao na nusu hawana kitu. Mimi nitaleta utatu wangu. Nina mkunjo wake bado, umebandikwa juu ya kitanda, karibu na ratiba ya basi.

Kuhusu Septemba msiniulize. Nimeanza kuandika, na ninachoandika ni jinsi pacha na wanne wanavyogawana kulingana na NADP na magneziamu, jambo ambalo waliotutangulia walilijua kwa sehemu kubwa tangu mwaka 1969. Mimi nimeongeza kidogo. Kidogo hicho kina faida yake, maana kwa binadamu kipande kimoja cha G6PD kikiwa peke yake hakifanyi kazi, lazima kishikane na mwenzake, na tangu mwaka 2018 kundi moja la Stanford linafuatilia molekuli ndogo waliyoiita AG1 inayovisaidia vipande vilivyolegea vishikane. Hiyo bado si dawa. Lakini mnaona ni kitu gani wanachopima asubuhi hadi jioni? Kushikana.

Mkongo wangu nilimweleza yote haya juzi, tukiwa jikoni, anakaanga ndizi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama yeye naye apimwe. Nikamwambia akimwona daktari wake aombe, na asiwaeleze habari ya hamira, watamcheka.

Dada yangu alimaliza matibabu ya mwaka mzima bila dapsoni. Klofazimini ilimweusisha ngozi, sasa inarudi taratibu. Kwenye pochi yake ana kadi aliyoikata mwenyewe kutoka kwenye boksi la viatu, imeandikwa kwa kalamu ya bluu: G6PD asilimia 46, mchanganyiko, msinipe dapsoni. Neno "mchanganyiko" aliliongeza mwezi uliopita, baada ya simu yetu. Anasema wauguzi wanamuuliza maana yake, na yeye anawaeleza.